Deni la Mtabiri

Neno tabiri limetufikia kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka halikuwa neno la mvua. Lilikuwa neno la ndoto. Mtabiri alikuwa ni yule aliyesikiliza ndoto ya mwenziwe akamweleza maana yake; na mzizi wa neno hilo ni ule ule uliotupa abiri, yaani kuvuka, na abiria, yaani mwenye kuvushwa. Basi mtabiri, kwa asili ya jina lake, ni mvushaji. Huchukua jambo kutoka ng'ambo ya ishara akalifikisha ng'ambo ya maneno. Mimi ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikivusha maneno ya watu kutoka lugha moja hadi nyingine naipenda asili hiyo, na pia naiogopa. Kwani kila mvushaji ajua kwamba sehemu ya mzigo huweza kudondoka majini katikati ya safari, na aliyesimama ukingoni akipokea asijue kilichopungua.

Swali ninalotaka kulijadili ni la zamani, ingawa halizeeki. Mtu akitabiri kwamba mvua haitanyesha, kisha ikanyesha na kubomoa, je, amesema uongo? Na ikiwa hakusema uongo, je, hadaiwi kitu?

Ninaishi Mbagala, kusini mwa Dar es Salaam, katika mji uliokua kandokando ya Barabara ya Kilwa. Barabara hiyo ndiyo iliyotuleta wengi wetu. Walikuwapo Wazaramo wenyeji, wakaja Wandengereko kutoka Rufiji, wakaja watu wa Kilwa, Lindi na Mtwara, na kila kundi lilishuka na vifurushi vyake, na ndani ya vifurushi hivyo yalikuwamo maarifa ya mbingu. Wapo waliokuja na nyota ya Kilimia, ambayo jina lake latukumbusha kulima, na wakatufundisha kwamba ikizama wakati wa jua huibuka wakati wa mvua, na ikizama wakati wa mvua huibuka wakati wa jua. Wapo waliokuja na sauti ya dudumizi, ndege ambaye mlio wake hufanana na maji yanayomiminwa kutoka katika chupa, na ambaye akilia sana vichakani watu huanza kuanua nguo. Wapo waliosoma kumbikumbi, na waliosoma vyura, na waliosoma duara la mwezi. Na wapo waliokuja na maarifa ya namna nyingine kabisa: ya kuifunga mvua ili harusi ipite, au ya kuiita inapokawia.

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kuambiwa na mtu wa bara kuhusu elimu ya miongo. Wazee wa pwani yote waliuhesabu mwaka wa siku 365 kuanzia Nairuzi, wakaugawa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za gatha zikabaki ukingoni. Kwa hesabu hiyo nahodha alijua mwongo wa kutweka tanga na mkulima alijua mwongo wa kutia mbegu. Hata hivyo mwaka wa jua una takriban robo ya siku zaidi ya siku 365, na hesabu ya Nairuzi haikuwa na mwaka mrefu wa kuipokea robo hiyo. Kwa hiyo kila miaka minne hesabu husogea siku moja, na katika miaka mia moja husogea siku zipatazo 24. Mjukuu akiushika mwongo ule ule alioachiwa na babu wa babu yake, bila ya kuurekebisha, atatia mbegu yake katika vumbi, au ataitia katika tope. Babu hakumdanganya mjukuu. Lakini urithi wowote wa maarifa unaopokewa bila kuuliza huwa na robo ya siku inayovuja kimyakimya.

Nayaeleza haya ili nionyeshe kwamba itikadi za wazee kuhusu hali ya hewa si kitu kimoja, na wanaozitukuza zote hukosea sawa na wanaozidharau zote. Kilimia hakileti mvua. Kilimia ni kalenda iliyotundikwa mbinguni, na kalenda husema kweli kwa wastani wa miaka. Dudumizi na kumbikumbi ni habari ya namna nyingine. Viumbe hao wanayahisi majira na unyevu wa hewa kabla yetu, nao husema juu ya leo na kesho, hawasemi juu ya mwaka. Mfunga mvua, yeye hatabiri. Huyo anaamuru, au anadai kuamuru. Tofauti hii ni ya kimaadili kabla haijawa ya kielimu. Anayetabiri anakiri kwamba mvua ina mwenyewe, naye ni msomaji tu. Anayeamuru amejifanya mwenyewe. Na ndiyo maana mvua inapokosekana anayetabiri huchekwa, lakini anayedai kuifunga na kuifungua huweza hata kushambuliwa, kwa sababu watu wanamdai kile alichosema anakimiliki.

Hapa Uzaramo zamani watu walipeleka maombi yao ya mvua kwa Kolelo, katika milima ya Uluguru. Na upande wa kusini, katika barabara hii hii tunayopandia daladala, ziko njia za kwenda Ngarambe, alikotokea Kinjikitile Ngwale na maji yake, na kwenda Mohoro, aliponyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905. Sitaki kumweka Kinjikitile katika mizani ya mtu aketiye barazani miaka 120 baadaye. Nataka kusema tu kwamba katika nchi hii neno juu ya mambo yajayo halikupata kuwa neno jepesi. Lilipokosea, kuna waliolipa.

Sasa nieleze deni langu.

Palikuwa na mzee mmoja mtaani kwetu, mtu wa Rufiji, ambaye wote tulimwita Babu. Alikuwa amelima mpunga bondeni kwao kwa miaka mingi kabla ya kuja kukaa kwa mwanawe hapa mjini. Jioni alikaa kwenye baraza yake, na wapita njia walimuuliza habari za mvua kama vile wengine wanavyouliza matokeo ya mpira. Mwanzoni mwa Desemba 2011 nilikaa naye, nami nikamuuliza. Alifikiri kidogo, akasema: "Mwanangu, vuli ya mwaka huu naiona imechoka. Upepo umeanza kugeuka kaskazi. Kwa nilivyozoea kule kwetu, maji makubwa hayaji tena mpaka masika. Lakini hapa si kwetu, na Mungu ana yake."

Chini yetu, katika bonde linaloteremka kuelekea Mto Mzinga, alikuwapo fundi cherehani, kijana mwenye mke na watoto wawili. Alikuwa na vyerehani vitatu na vitambaa vya wateja waliotaka nguo za Krismasi. Alikuwa na wasiwasi, na alifikiria kuvihamishia vyerehani vyake kwa kaka yake Charambe, mahali palipoinuka. Nilipopita kwake kuchukua suruali yangu aliniuliza kama nimesikia lolote. Nikamwambia: "Babu amesema maji makubwa hayaji mpaka masika."

Msomaji ameliona lililodondoka. Sikumwambia "kwa nilivyozoea". Sikumwambia "kule kwetu". Sikumwambia "hapa si kwetu", wala "Mungu ana yake". Nilikuwa na haraka, na tena, nikiwa mkweli zaidi, nilipenda jinsi sentensi ilivyokaa ikiwa fupi. Ilisikika kama methali. Mtu wa ushairi hujua hatari ya neno lililokaa vizuri. Husahau kuuliza kama ni kweli.

Fundi hakuhama. Mvua ilianza tarehe 20 Desemba, ikaendelea usiku na siku zilizofuata. Jiji zima linaikumbuka: Jangwani na bonde la Msimbazi yalifunikwa, watu wapatao 40 walipoteza maisha, na Serikali ikalazimika kuwahamishia wengine Mabwepande. Bondeni kwetu, namshukuru Mungu, hakufa mtu. Lakini maji yaliingia nyumbani kwa fundi usiku, yakapanda hadi mezani, na kulipokucha vyerehani vitatu vilikuwa ndani ya tope na nguo za watu za Krismasi zilikuwa zimeviringana kama takataka.

Babu alishuka asubuhi ile akiwa amekunja kikoi chake hadi magotini. Alibeba vitambaa kichwani, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mzee yule, akivipandisha juu penye jua. Katika safari ya tatu fundi, kwa uchungu, akamwambia mbele ya watu: "Babu, ulitudanganya." Babu akasimama. Akanitazama mimi, kwa muda mfupi sana, kisha akatazama chini na kuendelea kubeba. Hakusema neno. Nami sikusema neno.

Siku zile niliandika ubeti mmoja ambao sikuupeleka popote:

Neno nililolishika, toka kwake barazani,
Nusu ilinidondoka, nikishuka mabondeni,
Maji yakaifunika, ile nyumba ya jirani,
Nusu iliyodondoka, ndiyo langu kubwa deni.

Tuchambue basi. Babu alisema uongo? La. Uongo ni kusema kinyume cha unachokijua, na Babu alisema kile hasa alichokijua, tena akaonyesha mpaka wake: hapa si kwetu. Alikuwa sahihi hata katika kukiri huko. Rufiji aliyoisoma ilikuwa na ardhi inayokunywa maji, na mafuriko yake yalikuwa na majira na njia. Mbagala ya 2011 ilikuwa paa la bati juu ya paa la bati, vichaka vimekatwa, mitaro imezibwa na takataka, na nyumba zimejengwa mahali ambapo maji yalizoea kulala. Mvua hushuka kutoka mbinguni, lakini mafuriko tunayajenga wenyewe kwa matofali. Hata ishara zimechanganyikiwa: kumbikumbi siku hizi huzifuata taa za maduka ya Rangi Tatu, na mwenye kutaka kukitazama Kilimia sharti kwanza akimbie mwanga wa mji.

Je, mimi nilisema uongo? Kila neno nililolitamka lilitoka kinywani mwa Babu. Hata hivyo nilimfanya aseme jambo ambalo hakulisema. Huu ni uongo wa mfasiri, na hauandikwi katika kamusi: kuchukua maneno ya kweli na kuyaacha masharti yake nyuma. Na ndio uongo ulioenea zaidi katika mambo ya utabiri, wa kienyeji na wa kisasa.

Tuitazame Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo ilianza kuwa wakala mwaka 1999 na ikawa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Wataalamu wake hawasemi "mvua itanyesha" kama mtu anayetoa ahadi. Husema mvua zinatarajiwa kuwa za wastani, au wastani hadi juu ya wastani. Taarifa hiyo inapotoka ofisini, ikapita redioni, ikapita kwenye daladala, ikafika gengeni kwetu, imekwisha kuwa "wamesema itanyesha sana" au "wamesema hakuna kitu". Masharti yote yamedondoka njiani. Kisha jambo likienda vingine, gengeni pale pale husemwa: waongo hawa.

Mwezi Aprili 2019 tuliambiwa kwamba kimbunga Kenneth kinaelekea pwani ya kusini. Mtwara watu walihamishwa, wengine wakibeba magodoro na kuku wao. Kimbunga hakikupiga Mtwara, na waliorudi majumbani walirudi wakicheka. Kilipiga ng'ambo ya mpaka, Cabo Delgado, tarehe 25 Aprili, na kikaviharibu vibaya visiwa vya Kirimba na mji wa Ibo, wanakoishi Wamwani, ambao lugha yao msomaji wa Kiswahili akiisikiliza kwa makini ataitambua kuwa ni jamaa. Kile tulichokiita uongo wa watabiri kilikuwa ni msiba wa ndugu zetu, umehama safari ndogo tu. Mwaka 2021 ukaja Jobo, ambacho kilinyong'onyea kabla ya kutufikia, na vicheko vikaongezeka. Halafu tarehe 4 Mei 2024 kikaja Hidaya, kikaingia Mafia, kikaleta mvua iliyoikata Barabara ya Kilwa huko Somanga, na malori yakasimama. Hapo hakuna aliyecheka. Na kumbe mtabiri alikuwa amesema kwa namna ile ile mara zote tatu: huenda.

Dini yetu ilikwisha kuligusa jambo hili. Katika Sura ya Luqman kuteremka kwa mvua kumetajwa pamoja na mambo ambayo elimu yake iko kwa Mungu. Kuna wanaoielewa aya hiyo kama katazo la kutabiri kokote, na wanaouita kila usomaji wa nyota ushirikina. Mimi si mwanachuoni, lakini naona kwamba kinachokemewa ni kuipa nyota umiliki wa mvua. Sioni kwamba kumtazama kumbikumbi na kuezeka paa kumekatazwa. Nako katika Sura ya Kahf tumefundishwa tusiseme juu ya jambo lolote kwamba tutalifanya kesho bila ya kulifunga na matakwa ya Mungu. Inshallah, basi, ni adabu ya maarifa. Ni sharti ambalo msemaji hulibeba pamoja na neno lake ili neno lisizidi uwezo wake.

Lakini hapa yapo maficho, na lazima niyaseme. Kuna inshallah ya mtu anayekuahidi kitu huku akijua hatakitenda. Kuna "huenda" ya mtabiri anayetaka asikamatwe na lolote: ikinyesha alisema, isiponyesha pia alisema. Asemaye labda katika kila jambo ameepuka kosa, na kwa kuepuka kosa ameepuka pia kumfaa mtu. Fundi cherehani hakuhitaji falsafa. Alihitaji kujua kama ahamishe vyerehani au asihamishe. Na wapo watabiri wa baadaye, wale wanaokumbuka ishara baada ya tukio. Ghala la silaha lilipolipuka hapa Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, watu zaidi ya 20 wakafa, wiki haikupita bila ya kusikia barazani kwamba kunguru walilia vibaya siku ile, kwamba mbwa walikataa kula. Kunguru hulia kila siku. Ishara isiyosemwa kabla haidaiwi kitu, na kwa hiyo haina thamani.

Kwa hiyo mtabiri anadaiwa nini? Nadhani hadaiwi kupatia. Hakuna binadamu awezaye kulipa deni hilo. Anadaiwa mambo matatu. Aseme mapema, wakati ambapo neno lake laweza kumkosesha. Aseme na mpaka wake, ajulishe elimu yake inaishia wapi. Na akikosea, awepo. Huko Kenya magharibi, wazee wa ukoo wa Nganyi katika Bunyore walikubali kukaa meza moja na wataalamu wa idara ya hali ya hewa, kila upande ukaleta utabiri wake, wakaafikiana kabla ya kuwatangazia wakulima. Ninachokipenda katika habari hiyo si kwamba ya kale yamethibitishwa na ya kisasa, maana sidhani kwamba hilo ndilo jambo lenyewe. Ninachokipenda ni kwamba kila upande ulikubali kuonyesha mpaka wake mbele ya mwenziwe.

Babu alitimiza yote matatu. Alisema mapema, alisema na mpaka, na alipokosea alikuwapo, kikoi kikiwa magotini, vitambaa vya watu kichwani mwake. Lakini baada ya siku ile hakutabiri tena. Watu walipomuuliza aliwajibu kwamba macho yake yamechoka. Mtaa ukapoteza msomaji wake wa mbingu kwa ajili ya kosa lisilo lake, na aliyejua hivyo alikuwa mmoja tu, naye alinyamaza. Babu alifariki mwaka 2014. Mungu amrehemu.

Baada ya maziko nilimwendea fundi, ambaye wakati huo alikuwa amepanga chumba Charambe, nikamweleza kila neno kama Babu alivyolisema. Alisikiliza bila kusimamisha cherehani. Nilipomaliza alikata uzi kwa meno, akasema: "Kaka, hata ungeniambia yote, sijui kama ningehama. Kodi ya Charambe sikuwa nayo. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia nibaki." Akaiinua nguo na kuitazama mshono. "Lakini yule mzee ungemwambia yeye. Mimi nilikuwa namdai bure."

Tangu siku hiyo, kila ninapofasiri nikalikuta labda la mtu, hulichukua kwa mikono miwili. Na mawingu yanapojikusanya upande wa Kongowe, watoto wa mtaani wakaniuliza, kwa kuwa mimi nami sasa nina mvi, kama itanyesha, huwaambia ninavyoona, na huwaambia pia mahali ambapo kuona kwangu kunaishia. Kisha natafuta koleo, nashuka kuuzibua mtaro.